Sufuria imeng'aa leo

Jamani, mchoro wangu wa kona ya jiko umekamilika jioni hii. Rangi ya mafuta, turubai ya sentimita 60 kwa 80: sinki, kitambaa cha vyombo, sufuria ya alumini iliyopinduliwa.

Sufuria peke yake imekula siku tatu.

Wengi tukiona alumini tunakimbilia kijivu. Lakini alumini hubeba rangi za majirani zake. Upande wa dirisha ni buluu hafifu, upande wa ukuta una unjano, na chini kuna wekundu wa sakafu.

Kijivu chenyewe: buluu ya ultramarini na kahawia iliyokolea, halafu nyeupe kidogo kidogo. Nyeusi ya tyubu iache, inafanya chuma kionekane kama majivu.

Kilichoifufua ni mikwaruzo. Ile ya duara inayoachwa na stilwaya, myembamba kama unywele. Rangi ya chini ikishakauka, ipitishe kwa brashi namba 0, na ikatike njiani. Ukiizungusha duara zima, sufuria inakuwa sahani ya santuri.

Mng'ao unawekwa mwisho kabisa: nukta moja nyeupe, ndogo kuliko punje ya mchele. Ukiiweka juu ya rangi mbichi inageuka maziwa.

Nimesimama hatua tatu nyuma, mkono ukataka kuishika.

Nyie mnaochora vyombo vya ndani, matone ya maji kwenye sinki mnayapataje? Leteni maujuzi hapa.