Kovu Liachwe

Leo nimelirudia boksi la kwanza, ingawa nilishalimaliza na kulifunga kwa kamba tangu mwezi wa Ramadhani. Yapo maboksi saba kwa jumla, yale yale yaliyokuwa yakija na karatasi za kuchapia picha, na ndani yake marehemu baba alihifadhi negativu, yaani vipande vya filamu ambavyo weusi na weupe wake umepinduka, za studio yake ya Ngamiani, hapa Tanga. Kila usiku baada ya chakula nazihamishia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Nilitarajia kumaliza kabla ya masika, lakini sasa naona kazi hii itachukua mwaka mzima, nami sina haraka nayo tena.

Njia ninayoitumia haihitaji mitambo mikubwa. Nakilaza kishikwambi mezani kikionyesha ukurasa mweupe mtupu, kando yake nasimamisha vipande viwili vya mbao vinavyobeba kioo cha dirisha, na juu ya kioo hicho naiweka negativu. Mwanzoni niliiweka moja kwa moja juu ya kishikwambi, nikaona nyuso za watu zimejaa vitone vilivyojipanga kama matundu ya chandarua. Vilikuwa ni vitone vya kishikwambi chenyewe, na vilitoweka mara tu nilipoiinua negativu kiasi cha vidole vitatu. Kisha naipiga picha kwa simu, programu inageuza weusi kuwa weupe, na baada ya dakika mbili mtu aliyekaa mbele ya pazia la baba mwaka 1974 ananitazama.

Kwa baba, dakika hizo mbili zilikuwa siku mbili au tatu. Alitumia kamera ya Yashica ya lenzi mbili, ile ambayo mpiga picha huinamisha kichwa na kuchungulia kwa juu kama anayetazama ndani ya kisima, na ambayo humwonyesha kulia kuwa kushoto na kushoto kuwa kulia, hata akazoea kumwongoza mteja kinyume na macho yake yalivyomwambia. Filamu moja ilitoa picha 12 tu. Chumba cha giza kilikuwa stoo ya nyuma, mlango umezibwa kwa blanketi, na ndani ilikuwapo taa nyekundu peke yake, kwa kuwa karatasi ya picha nyeusi na nyeupe haiathiriwi na mwanga mwekundu. Dawa ya kusafishia ilitakiwa iwe na joto la nyuzi 20 hivi, ilhali maji ya bomba la Tanga, hasa mwezi wa Januari, hutoka yakiwa na uvuguvugu. Mimi ndiye niliyetumwa barafu. Baba aliivunja kwenye beseni, akaisimamisha chupa ya dawa katikati yake, akangoja akiwa na kipimajoto mkononi, kwa sababu dawa ikiwa ya moto ule utando unaoshika chembe za fedha juu ya filamu hulainika na waweza hata kubanduka.

Dawa ya mwisho, ile inayoizuia picha isiendelee kubadilika, aliiita haipo. Nimekuja kujua ukubwani kwamba ni jina lililofupishwa la chumvi ambayo Mwingereza John Herschel aligundua mwaka 1819 kuwa huyeyusha chumvi za fedha, lakini utotoni nililisikia kama Kiswahili kitupu, nikastaajabu kwamba dawa inayoifanya sura ya mtu ibaki inaitwa haipo. Hata neno lenyewe la kusafisha picha nililielewa mle ndani ya stoo. Sura ilikuwa tayari imo kwenye karatasi, imefichwa, na baba alikuwa akiiosha mpaka ionekane.

Kilichonishangaza katika kazi hii ya sasa ni kitu ambacho sikuwahi kukiona wakati wa uhai wake. Nilipoikuza kwenye kompyuta picha ya mama mmoja wa makamo, niliona mashavuni mwake mistari myembamba kuliko unywele, iliyopishana kama miyaa ya mkeka. Nilidhani ni ukungu, kwani unyevu wa pwani hauna huruma na filamu, na nyingi zimekwisha kuota madoa pembeni. Nilipoiinamisha negativu chini ya taa, mistari ile ikang'aa kijivu. Ilikuwa ni penseli. Nikakumbuka alasiri zile alipokaa dirishani, kioo cha kukuza kimebanwa jichoni, penseli imenolewa kwa msasa mpaka imekuwa kama sindano. Kwenye negativu mambo yote yamepinduka: kunyanzi inayoonekana nyeusi kwenye picha huwa angavu kwenye filamu, kwa hiyo ukiijaza penseli kidogo, picha inapochapwa pale pale hupauka na kunyanzi hufifia. Wembe ulifanya kinyume chake. Aliparua kwa ncha, akapunguza giza la filamu, na mahali hapo pakakolea. Ndivyo alivyotilia nguvu nyusi zilizopotea au ndevu za kijana ambazo hazijajaa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba picha za zamani zilikuwa za kweli na uongo umekuja na simu. Mkono wa baba umo ndani ya kila uso nilioukuza hadi sasa. Hata hivyo kuna tofauti, nami nimeipata kwenye daftari lake. Lina safu ya jina la mteja, ya idadi ya nakala, ya malipo, na safu ya nne, nyembamba, aliyoichora mwenyewe kwa rula: “chunusi zitolewe”, “pengo lisiguswe”, “kovu liachwe”. Aliuliza. Alimuuliza kila mteja wakati wa kulipa, kwa sauti ya chini ili walioketi kwenye benchi wasisikie: “Mama, hapa juu ya nyusi, nilitoe au niliache?” Na alichojibiwa ndicho alichokiandika, na alichokiandika ndicho alichokifanya.

Siku ya Idi nilimpiga picha mpwa wangu kwa simu mpya. Ngozi ya mtoto ilitoka laini kama kaure na nyeupe kuliko rangi aliyozaliwa nayo, bila mimi kugusa chochote na bila yeye kuulizwa. Niliitafuta sehemu ya kuzimia urembo huo, nikaikuta imefichika ndani kabisa ya mipangilio, nikaizima. Lakini siwezi kuulaumu udijitali peke yake, kwani filamu ya rangi nayo ilifika kwetu na mazoea yake: kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na sura nyeusi zikatoka jinsi zilivyotoka. Mtambo wa zamani na wa sasa vyote hukata shauri mapema juu ya uso ambao haujauona. Ninachokitetea mimi ni ile safu ya nne ya daftari.

Nimelizungumza jambo hili na mdogo wangu, ambaye hushona kofia za viua. Mama mkwe wake aliyemfundisha alichora maua kwa mkono juu ya kitambaa. Yeye huchora ua moja kwenye kompyuta, programu ikalirudia mzunguko mzima wa kofia, akachapa karatasi na kunakili mchoro kwenye kitambaa. Baada ya hapo ni sindano, uzi na macho yake, kiua kimoja kimoja. Nilimuuliza kompyuta imemwokolea muda gani. “Siku moja, dada,” aliniambia, “katika miezi miwili.” Akaeleza kwamba siku hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikimliza, kwa sababu ukikosea vipimo wakati wa kuchora, hulijui kosa mpaka ufike kwenye mshono, ambapo nusu ya ua hukutana na nusu isiyo yake. Mnunuzi anayejua kofia ya mkono huigeuza ndani nje kwanza, na huko ndani hakuna ambacho mdogo wangu ameiachia mashine. Nilipenda namna alivyochagua mwenyewe mahali pa kuusimamisha mkono wake.

Hofu yangu kubwa ni ya kitu kingine. Harusi ya kaka yetu ilipigwa picha zaidi ya 800, hata moja haikuchapwa, na kompyuta ya mpiga picha ikaharibika kabla hajatukabidhi. Tumebaki na tatu, alizotumiwa shangazi na mgeni mwalikwa. Negativu za baba zimekaa kabatini miaka hamsini na zinachodai ni mwanga tu. Ndiyo maana baada ya kuihamisha kila moja nairudisha kwenye bahasha yake, na zile ninazozipenda nazipeleka kuchapwa.

Sasa nieleze kwa nini nimelirudia boksi la kwanza. Shangazi alilitambua jina moja daftarini, la mama ambaye familia yake ilihamia Oman, na kwa kupitia jamaa nikampata mwanawe, mzee anayeishi Maskati. Mbele ya jina hilo baba aliandika “kovu liachwe”. Nilimtumia picha usiku. Alinijibu kwa sauti, na kwa muda mrefu mwanzoni hakuna neno lililosikika. Alimwombea baba rehema, akanishukuru, kisha akaniambia: “Lakini binti yangu, kovu la mama lilikuwa juu ya jicho la kulia. Nilikuwa nikiligusa akinipakata. Hapa naliona juu ya jicho la kushoto.”

Niliichukua negativu, nikatazama ukingoni. Herufi za jina la filamu zilisomeka kinyume. Tangu nilipoigundua penseli nilikuwa nikizilaza negativu upande usiong'aa ukiwa juu, kwa sababu ndiko baba alikoandika, nami nilitaka kuuona mkono wake vizuri. Na kwa kufanya hivyo nilizipindua sura zote. Nilimtumia ya pili kabla ya alfajiri, kovu likiwa mahali pake. Programu huweza kuigeuza picha kwa kubofya mara moja, lakini haijui ni ipi iliyopinduka, na mimi nilikwisha kukata kingo zote zenye herufi kwenye picha za kompyuta. Inanibidi nizitoe tena negativu kwenye bahasha, moja moja, na kuzisoma ukingoni. Leo nimefika bahasha ya 31.