Kuungoja Uboho

Jumatatu iliyopita nilivuka kwa pantoni kutoka Kigamboni nikiwa nimejiandaa kwa dripu ya tatu ya dawa za saratani, nimebeba kanga ya kujifunika, limau la kunusa kichefuchefu kikianza na uji ndani ya chupa, na saa saba mchana nikarudi na mzigo ule ule bila kutundikiwa chochote. Kipimo cha picha kamili ya damu kilionyesha nyutrofili, yaani chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi, 700 katika kila maikrolita, ilhali daktari wangu haanzi mzunguko zikiwa chini ya 1,500. "Tuupe mwili wiki moja, mama," alisema, akaikata tarehe ya zamani kwenye kadi na kuandika mpya juu yake.

Sikutegemea kwamba ningehuzunika. Dawa ile nyekundu, doksorubisini, imeninyonyoa nywele na kunifanya niikimbie harufu ya kitunguu kinachokaangwa, nami nikatoka pale nikiidai kama mtu aliyenyimwa haki yake. Nilikuwa nimekwisha kuihesabu mizunguko yote minne, mmoja kila baada ya siku 21, na harusi ya mpwa wangu nilikuwa nimeipachika katikati ya hesabu hiyo.

Mtaani habari ilifika ikiwa fupi kuliko ilivyo: damu imepungua. Kabla ya magharibi wifi yangu alikuwa ameleta jagi la juisi ya rozela, na jirani akafuata na maini. Nimevipokea kwa shukrani, ingawa rozela ina rangi ile ile ya dawa na mkono wangu husita kidogo kwenye glasi, na sikuwa na moyo wa kuwaeleza kwamba wingi wa damu yangu si mbaya. Sisi tumezoea kuiona damu kuwa kitu kimoja kinachoongezeka au kupungua, lakini maabara huigawa mafungu, na fungu lililoniishia ni la chembe nyeupe. Nesi alinieleza kwamba dawa huwinda seli zinazogawanyika haraka, na uboho ulio ndani ya mifupa, maskini, kazi yake mchana na usiku ni kuzalisha seli za namna hiyo. Chembe nyekundu huishi karibu siku 120, kwa hiyo nyingi za zamani bado zinazunguka. Nyutrofili hazikai katika damu hata siku chache, na kiwanda kikisimama, pengo lao ndilo linaloonekana mapema. Hakuna juisi inayolijaza.

Lililonielemea zaidi ni kufunga mlango. Nimelelewa kwa "mgeni njoo, mwenyeji apone", na sasa mwenyeji anaomba wageni wasije ili apone. Mjukuu wangu ana mafua. Husimama nje ya dirisha akaninyanyulia daftari lake nione vema alizopata. Kachumbari nimeiacha, maji ni ya kuchemsha, na kipimajoto kinalala kando ya mto, kwa kuwa nikifika 38 sina ruhusa ya kumeza parasetamoli na kungoja asubuhi: ni hospitali usiku huo huo. Alhamisi usiku kilisoma 37.6. Nilikirudia kila nusu saa hadi adhana ya alfajiri, kikashuka hadi 36.9, ndipo nilipogundua kwamba muda wote huo nilikuwa nimekaa kitandani na viatu miguuni.

Ipo sindano ya kuuchochea uboho, na niliiulizia. Daktari alisema kwamba maadamu sina homa, tuuache kwanza ujiinue wenyewe.

Kesho nitatolewa damu tena. Kanga nimeifua, limau ni jipya. Mwanangu alipiga simu kuuliza aombe ruhusa ya siku nzima kazini au ya nusu siku. Nilimwambia siku nzima, kisha nikampigia tena kumwambia asiombe kwanza, tuyaone majibu.