Kufunga maji ya moto na baridi bafuni nikiwa mbali

Jamani, nimepumua. Nyumba ya kupangisha iko Nyegezi, mimi nashinda Kirumba. Bafu la juu likivuja, dari ya chini inalowa kabla sijafika. Niliweka koki yenye mota kwenye bomba la baridi, naiamuru kwa simu. Naifunga, maji bado yanatoka! Nikabadilisha koki, wapi.

Kilichonizindua ni tangi la choo: lilijaa maji ya uvuguvugu. Kumbe ya moto yalivukia upande wa baridi kupitia koki ya kuchanganyia, iliyoachwa wazi huku bomba la mvua limezibwa kwa kitufe chake. Nikaweka koki ya pili kwenye bomba la moto, baada ya hita, zote mbili swichi moja. Nilichagua zenye mkono wa kufungulia. Umeme wetu tunaujua. Jana nimejaribu: hata tone.