Tokeni ninayo, giza ninalo

Juzi nimekaa gizani lisaa limoja na nusu na tokeni ya LUKU iko kwenye simu. Yani nimeshanunua, meseji imeingia, namba zote 20 hizi hapa, nikanyanyuka nikaziingize, njiani nikakumbuka nguo ziko nje nikaenda kuanua, kamba nikaikuta imelegea nikaanza kutafuta msumari, mume wangu anarudi ananikuta na tochi ya simu napanga viatu. Hakusema kitu. Zamani angesema.

Nina miaka 38 na mwaka jana ndo daktari wa afya ya akili kaniambia nina ADHD, ile hali ya akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja. Mi nilijua hayo ni mambo ya watoto wa kiume wanaopanda juu ya madawati, maana mimi darasani nilikuwa mpole kabisa, nimekaa dirishani, mwili upo kwenye hesabu akili ishafika Kigoma. Kumbe ndo tunavyopitwa hivyo, wasichana wengi mihangaiko inakaa kichwani haiko miguuni, humsumbui mwalimu, nani akupeleke hospitali? Unakua hivyohivyo, unajifunza kuficha, alamu tisa kwenye simu, unafika kwenye kikao nusu saa kabla kwa uoga wa kuchelewa, ukifika nyumbani umechoka kama umebeba zege. Mimi nilishatibiwa sonona miaka minne, dawa zilinisaidia kulala ila maharage yaliendelea kuungua kama kawaida. Na ile wiki kabla ya hedhi ndo usiseme.

Watu wananiuliza kipimo chake bei gani. Hakuna kipimo cha damu cha hiki kitu. Damu walinitoa, ila ilikuwa kuangalia tezi la shingo na wingi wa damu, sababu hivyo navyo vinaweza kukuzubaisha, halafu akanihoji sana kuhusu usingizi. Baada ya hapo ni maswali tu, mengi. Mtu mzima anatakiwa awe na dalili angalau 5 kati ya 9 za kuzubaa, au 5 kati ya 9 za kutotulia, zikusumbue zaidi ya sehemu moja, kazini na nyumbani mfano, na ziwe zilianza kuonekana kabla hujafika miaka 12.

Hapo kwenye 12 ndo nikakwama, nani anakumbuka? Dokta akasema njoo na mama.

Mama akapanda basi kutoka Morogoro na bahasha ya kaki, ripoti zangu zote za shule ya msingi. Akavaa miwani akaanza kusoma kwa sauti ya chini kama kaitwa kikao cha wazazi. Darasa la tano, 1998: "Ana uwezo ila anazubaa mno. Amepoteza vitabu vitatu." Akaikunja ile karatasi. "Hivi vitabu nilimchapa sana, dokta."

Kimya. Mi natazama feni.

Dokta akamuuliza taratibu, na wewe mama hujawahi kuacha kitu jikoni? Mama akacheka, "Aa, hiyo si kawaida tu, kwetu ukoo mzima tuko hivyo." Dokta akaandika, maana hii kitu inarithiwa sana.

Tumefika stendi ndo anagundua bahasha kaiacha kwa dokta. Nikairudia na bodaboda, elfu tatu.