Siku moja maishani mwangu: mwogeleaji wa mtindo wa kipepeo, mita 100

Saa 10:20 alfajiri. Naamka kabla simu haijalia. Ndizi mbili, glasi ya maziwa, begi begani. Bodaboda wangu ananisubiri getini, na Nairobi saa hizi ina baridi ambayo mtoto wa Mombasa haizoei hata akae miaka kumi.

Saa 11:00. Nafika bwawani, nakuta wageni wawili kwenye benchi. Ni wapimaji wa dawa za kusisimua misuli. Kila siku ya mwaka lazima niwe nimetaja saa moja na mahali nitakapopatikana, na mimi nimetaja hapa, saa 11 hadi 12. Ukikosekana mara tatu ndani ya miezi 12 unaweza kufungiwa, hata kama mwili wako hauna doa. Wananiruhusu nifanye mazoezi kwanza, ila mmoja haniondolei macho mpaka nitoe mililita 90 za mkojo mbele yake. Ni kazi ngumu ukiwa umetoka jasho majini, maana majini pia tunatoka jasho. Siwachukii. Nataka anayeogelea leni ya jirani apimwe kama mimi.

Saa 11:15. Maji yana nyuzi 26, na mvuke unapaa juu yake. Asubuhi hii ni mita 5,000. Kiini chake ni mita 50 za kipepeo mara 16: kila dakika naondoka upya, na kila mara nifike ndani ya sekunde 30. Katika kipepeo mikono yote miwili inatoka majini kwa pamoja, na nyonga ikichelewa kidogo tu, mabega ndiyo yanalipa. Kufikia ya 11, pumzi imekata. Tuko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku haina ukarimu. Ya 14 natumia sekunde 31. Kocha hasemi kitu, ananionyesha tu saa yake. Ya 16 narudi 29.

Saa 2:00 asubuhi. Mayai manne, chapati, viazi vitamu, parachichi, chai. Halafu nalala. Kulala mchana ni sehemu ya kazi, ingawa majirani wananiona sina kazi.

Saa 5:00. Gym. Najivuta juu ya chuma na kilo 20 zikining'inia kiunoni, kisha nusu saa nzima ya mabega kwa mpira wa kuvuta. Mazoezi haya madogo hakuna anayeyapiga picha, lakini ndiyo yanayomwezesha mwogeleaji kufika miaka 25 bila kufanyiwa upasuaji.

Saa 9:00 alasiri. Nafundisha watoto kuogelea. Mchezo huu haunipi mshahara. Kodi ya nyumba inatoka hapa. Leo kuna mmoja wa miaka sita aliyekuwa akilia wiki nzima. Ameweka uso majini, akahesabu hadi tano, akatoka akipiga kelele, "Mwalimu, umeniona?" Nimekuona, mwanangu.

Saa 11:00 jioni. Hapa ndipo siku yangu ilipo.

Mwaka jana, kwenye mashindano ya kimataifa, nilimaliza wa 17. Wanaoingia nusu fainali ni 16. Aliyenitangulia alinipita kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Nilitazama video mpaka nikachoka: mita mbili kutoka ukutani niliacha kupiga, nikanyoosha mikono nikateleza. Nilidhani nimefika.

Mwaka 2008, nikiwa na miaka saba, baba alituamsha alfajiri kutazama fainali ya mita 100 kipepeo kutoka Beijing, kwa sababu Mkenya alikuwamo. Jason Dunford alikuwa ameweka rekodi ya Olimpiki katika mchujo, sekunde 51.14, kabla Mserbia Milorad Čavić hajaivunja kipindi hicho hicho. Kwenye fainali Čavić aliongoza mpaka mwisho kabisa, akanyoosha mikono, akateleza. Mmarekani Michael Phelps akaongeza nusu mpigo mfupi, akagonga ukuta: 50.58 kwa 50.59. Dunford alikuwa wa tano, na kwetu tulishangilia kama aliyeshinda. Ningejifunza somo la Čavić siku ile ile, lakini nilikuwa namtazama Mkenya wangu.

Kwa hiyo jioni hii, na kila jioni tangu Januari, ni ukuta tu. Naanza mita 15 nje, kwa kasi ya mashindano, nikimaliza kwa mpigo kamili. Kocha anachuchumaa ukingoni, jicho usawa wa maji. Mikono miwili lazima iguse kwa pamoja, vidole vimenyooka, kichwa chini. Ubao wa umeme ukutani, unaosimamisha saa, unataka kusukumwa, hautambui mkono wa kubembeleza.

"Umeinua kidevu," ananiambia. Tena. "Mkono wa kushoto umetangulia." Tena. Mara ya tisa, mpigo wa mwisho unakutana na ukuta mikono ikiwa imenyooka kabisa, bila kuteleza hata kidogo. Nasikia mshindo kwenye viganja hadi viwiko.

"Huo," kocha anasema. "Nipe mingine 20."

Saa 2:00 usiku. Ugali, samaki, sukuma wiki. Nampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Hayo mabega je?"

Namwambia yanauma vizuri. Ananiambia nijipake mafuta ya nazi, dawa ya maji ya bwawa inakausha ngozi. Nimeshajipaka.

Saa 3:00. Nahakikisha kwenye simu kwamba kesho bado inasema bwawani, saa 11 hadi 12. Nazima taa. Viganja bado vinawaka.