Printf Niliyoogopa Kuifuta

Programu ilikuwa ya lugha ya C, faili 34, na kila nilipogusa mstari mmoja kompaila, ile inayogeuza maandishi yangu kuwa programu, ilizipitia zote upya. Sekunde 50 zikitajwa si nyingi. Zingoje mara 60 kwa siku.

Nikaamua kihariri changu, Emacs, kinisaidie. Kina kitu kiitwacho after-save-hook: ukihifadhi faili, kinaita funksheni uliyoiweka hapo. Nikaandika mistari 15 hivi ya Elisp, lugha ya Emacs yenyewe. Jina la faili likiishia kwa .c, faili hiyo ikompailiwe peke yake, kisha .o yake mpya (faili ambayo kompaila hutoa kwa kila .c) iunganishwe na .o za zamani za wenzake. Lisipoishia kwa .c, achana nayo. Sekunde 50 zikawa 2, nami nikajisifu siku nzima. Mwenzangu wa meza ya jirani akauliza kwa nini nisitumie Make, programu inayokompaili upya yaliyobadilika tu, iliyoandikwa na Stuart Feldman mwaka 1976 kwa kazi hiyohiyo. Nikamwambia sina muda wa kuandika Makefile, faili ya maagizo yake. (Wa kuandika Elisp nilikuwa nao.)

Wiki iliyofuata masanduku yakaharibika. Programu ile ilichora michoro, na sanduku la upana wa 200 na kimo cha 80 lilitokea kama uzi: upana 3, kimo 200. Nikasoma chora.c mstari kwa mstari, sikuona kosa. Nikatia printf, amri ya kuchapisha kwenye skrini, ili nione namba zinazoingia, nikahifadhi, nikaendesha. Sanduku likatoka zima kabisa.

Sikuigusa tena ile printf. Najua inavyosikika, lakini ilikuwa saa tano usiku.

Kesho yake nikagundua kuwa michoro inayohifadhiwa diskini nayo ina namba za ajabu. Nikatia printf ndani ya hifadhi.c. Ikapona. Sasa nilikuwa na hirizi mbili, na kwa dakika kadhaa nilifikiri kwa dhati kabisa kwamba kompaila ndiyo mbovu.

Mwenzangu alisikiliza kisa chote, kisha akauliza jambo moja tu: "Ndugu yangu, hizo .o ulizifuta lini mara ya mwisho?"

Nilikuwa nimeongeza rangi kwenye strakti ya sanduku (orodha ya namba zake kwa mpangilio), kabla ya upana na kimo, ndani ya faili ya heda, ambayo faili nyingi za .c huivuta kwa pamoja. Heda huishia kwa .h, kwa hiyo funksheni yangu iliiruka kama nilivyoiagiza. Soma.c niliihariri baadaye, ikakompailiwa upya, ikawa inaweka rangi kwenye baiti ya 0, upana ya 4, kimo ya 8. Chora.o ya zamani bado iliamini upana uko 0 na kimo kiko 4. Ikachukua rangi namba 3 ikaiita upana. Printf haikuponya chochote. Kilichoponya ni kule kuhifadhi faili. Hata nafasi moja tupu ingetosha.

Na Make isingeniokoa kama nisingeitajia heda zile, kwani inalinganisha tarehe za faili ulizoiandikia tu. Dawa ilikuwa kwenye GCC, kompaila yangu yenyewe: ukiipa -MMD, inapokompaili huandika pembeni faili ya .d yenye orodha ya heda ambazo faili hiyo imezivuta. Nikaifundisha Elisp kuzisoma zote na kupindua orodha, ili nikihifadhi heda ijue ni .c zipi zinazoitegemea.

Nikahifadhi heda ya sanduku kwa jaribio. Faili 31 kati ya 34 zikaanza kukompailiwa, karibu sekunde 50 zilezile, maana nilikuwa nimerundika kila kitu ndani ya heda moja. Kuipasua vipande kulinichukua wiki nyingine.

Printf ya hifadhi.c niliifuta siku hiyohiyo. Ile ya chora.c niliifanya komenti tu, kompaila iiruke.