Damu haitumwi kwa simu

Ujumbe wa mdogo wangu uliingia nikiwa zamu, nawabadilishia wazee mashuka. "Dada, Babu ameshikwa na degedege. Yuko ICU, wodi ya mahututi." Babu ni mwanawe, ana miaka minne, tunamwita hivyo kwa kuwa amerithi jina la marehemu baba yetu.

Hapa Minneapolis ilikuwa saa kumi na moja jioni, theluji imejaa hadi dirishani. Kigoma ilikuwa saa nane usiku.

Homa ilianza siku mbili nyuma, wakadhani ni mafua ya masika. Kipimo kikaonyesha malaria kali, na wingi wa damu (hemoglobini) umeshuka hadi gramu nne. Sindano ya atesuneti walimchoma palepale, ya pili ingefuata saa 12 baadaye. Sisi tulikulia kwenye dripu za kwinini, masikio yanavuma mchana kutwa. Sindano hii Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza kwa watoto mwaka 2011.

Hela nilituma nikiwa bado na glavu mkononi, ikafika papo hapo. Lakini kilichotakiwa ni damu. Babu ni kundi O, na mtu wa O hapokei damu ya kundi jingine lolote. Mdogo wangu ni A. Shemeji ananyonyesha, hawakumkubalia. Mimi ni O, na mikono yangu yote miwili iko Marekani.

Sijawahi kuuchukia umbali kama usiku ule.

Mama aligoma kurudi Ujiji. Alitandika mkeka chini ya mwembe nje ya wodi, pamoja na akina mama wengine wenye wagonjwa wao ndani. Waligawana uji, wakafunikana khanga. Mama na wenzake wakisoma Yasini, na mama mmoja wa Kibirizi akisali rozari yake pembeni yao, juu ya mkeka huohuo. Zamani wakubwa walikataza mtoto wa degedege asichomwe sindano, eti itammaliza. Mama aliwasikiliza, akampoteza kaka yangu wa kwanza, ambaye mimi sikumwona. Safari hii kila nesi aliyetoka mlangoni alimuuliza jambo moja tu: "Mmeshamchoma, mwanangu?"

Alfajiri wakaja vijana wanne wa bodaboda kutoka Mwanga, hapohapo Kigoma. Mdogo wangu anamfahamu mmoja tu. Mwingine alirudishwa, alikuwa ametoa damu mwezi uliopita na miezi mitatu haijatimia. Alisimama pale akibembeleza wamtoe hivyohivyo. Wawili wakakutwa ni O.

Damu iliingia taratibu, tone kwa tone, karibu saa nne nzima. Ndani anaruhusiwa mtu mmoja, simu hairuhusiwi, kwa hiyo mdogo wangu alikuwa akitoka kila baada ya muda ananiandikia neno moja. "Inaendelea." "Inaendelea." Nilikaa sakafuni jikoni na koti langu mwilini mpaka kukapambazuka.

Siku ya tatu Babu alifumbua macho, akamtafuta bibi yake.

Nikaomba namba za wale vijana wawili niwatumie chochote. Mmoja alipokea, akashukuru. Mwingine alikataa kabisa. Mdogo wangu anasema kila akimpita kijiweni anaulizwa kama mtoto amekula.

Leo amekula. Uji, vijiko vitatu.